Udongo wa Shamba la Juu

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Nimetoka kanisani, sijabadilisha hata kitenge, simu ikaita. Yasinta. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo. Sauti nzito. Nikamuuliza kama anaumwa. Eti mafua tu. Mafua!

Halafu akaomba nimtumie kochoko, mabibo ya mikorosho yaliyokaushwa.

Niandike vizuri nisije nikasema niliota. Kochoko! Mtoto huyu tangu anaota meno ukimpa kipande cha bibo kavu anakitema. Alikuwa anasema kinanuka kama walevi wa uraka, pombe ya mabibo. Leo yuko mwaka wa pili chuo cha kilimo, Mwanza, siku tatu njiani kutoka hapa Kitangari, ndiyo kochoko zimekuwa tamu. "Nyingi, mama. Zile zenye uchachu."

Zenye uchachu.

Mimi ni mhudumu wa zahanati, huu mwaka wa kumi na saba. Kazi yangu ni kupima uzito akina mama na kuandika kadi za kliniki. Mwanamke akiingia mlangoni mimi najua, yeye mwenyewe hajajua. Sista huwa ananitania: Evelina, ukiwepo wewe kipimo cha nini? Kwa hiyo mtu asije akanichezea mimi na habari za uchachu.

Nimemwambia Baba Yasinta kwamba mtoto anataka kochoko. Kacheka. "Chuoni kwao wanapika gongo nini?" Akaongeza sauti ya redio. Wanaume hawa!

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Leo kliniki akina mama thelathini na mmoja. Mmoja binti wa kidato cha tatu, kaletwa na mama yake, wote wawili wanatazama chini. Nikamuuliza binti: mara ya mwisho umeziona siku zako lini? Nilimuuliza bila kupepesa macho. Swali hilo nimeuliza watoto wa watu mpaka nimesahau idadi.

Wa kwangu siwezi kumuuliza. Tangu alipotoka unyago, mambo ya mwili wake ni ya somo wake aliyemfunda. Mimi mama naishia kwenye chakula na nguo. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo mama yangu alivyofanya kwangu, na hata nikijaribu mdomo haufunguki. Somo wake alikuwa Bi Rahima. Tulimzika mwaka jana. Sasa nani amuulize?

Jioni kanitumia picha. Yeye na mwenzake wa chumbani, Shamsia. Wamevaa ovaroli za kijani. Kubwa! Pale tumboni ungeingiza mto. Nimeikuza picha mpaka imekuwa vumbi tupu, sikuona kitu. Ndiyo maana ya ovaroli.

Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Bora niandike.

Yasinta kapiga mchana. "Mama, naomba na udongo."

Udongo gani? Wa shamba la juu, pale kwenye mikorosho ya babu. Kilo moja. Kilo moja! Nikauliza wa nini. Akakohoa kwanza. Hapo ndipo mtu anapotunga. Akasema, "Wa prakitiko, mama. Kila mtu analeta udongo wa kwao." Akaanza na maelekezo: nichimbe sehemu saba, kila shimo kina cha shibiri, nichanganye kwenye ndoo safi, ndoo isiwe imewahi kubeba salfa, ile dawa ya mikorosho. Halafu akashusha sauti: "Lakini baba usimwambie. Nitawaeleza mwenyewe." Mtandao ukakata.

Prakitiko! Miaka kumi na saba nimesikia uongo wa kila namna kwenye kile chumba cha mizani. Nimeshiba tu, mama. Ni gesi, mama. Hili la prakitiko ni jipya, nampa hongera. Mwanza hawana udongo? Lile ziwa lao limekaa juu ya nini?

Na kama ni ya masomo, kwa nini baba asijue?

Wajawazito wanakula udongo. Nani asiyejua? Wanaufunga kwenye pindo la khanga, wanamega hata wakiwa kwenye foleni yangu. Kwanza uchachu, sasa udongo. Nini kimebaki? Kuletewa mtoto mwenyewe na tarehe ya kuzaliwa?

Baba Yasinta akijua, chuo basi. Yeye hakutaka mtoto aende mbali. Aliyesimama ni kaka yangu Jonathan wa Lulindi. Alikuja hapa, akakaa kwenye kigoda, akasema mimi ni mjomba wake, mtoto atasoma, dhamana ni mimi. Baba Yasinta akakubali shingo upande, na mbele ya ukoo wote akaweka sharti moja: siku atakayosikia mimba, siku hiyohiyo mtoto anarudi nyumbani, na habari ya chuo isitajwe tena. Yeye akisema kasema.

Mwanangu. Kabakiza miezi minane tu kumaliza.

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Jana nimeshinda nalia kwa ndani. Leo nimeamua. Udongo nitamtumia. Nikimnyima ataokota wa huko, na huko sijui wanatupa nini chini. Minyoo, safura, damu inakwisha. Nawaona kila wiki, viganja vyeupe.

Lakini kama atakula, ale safi.

Wa shamba la juu sikuuchukua. Baba Yasinta anapulizia salfa pale kila mwaka tangu Juni mpaka Agosti, anatoka huko na nyusi za njano. Mjukuu wangu ale salfa? Nimekwenda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, ule udongo mwekundu laini, hata akina mama wa kliniki ndio wanaoutafuta. Nimetwanga. Nimechekecha kwa chekecheo la unga. Kisha nikaukaanga kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, nageuza kama karanga, mpaka nikajua hakuna yai la mnyoo lililobaki hai. Mashimo saba, shibiri sijui nini — hayo alinipa ili nione ni jambo la kisomi.

Mama Hamudi jirani kapita, kauliza unapika nini mchana huu. Nikamwambia nakaanga mtama. Kaangalia sufuria. Kaniangalia. Kaenda zake, na najua hakuniamini.

Jumanne, 22 Oktoba 2024

Mzigo umeondoka na basi la asubuhi. Kochoko chini, udongo katikati, khanga juu. Konda kauliza kuna nini humu kizito hivi. Unga, nimemwambia. Siku mbili, uongo mara mbili.

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kapiga! Mzigo umefika tangu Ijumaa. Asante mama, asante sana. Kisha: "Mama, huu udongo mbona laini hivi?" Nimeuchekecha, nikasema. "Ahaa. Sawa. Tumeshatumia kama nusu hivi, mimi na Shamsia."

Nusu! Siku mbili! Na Shamsia naye!

Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Wasichana wawili, chumba kimoja, nusu kilo ya udongo. Nikauliza kwa upole, unalala vizuri? Nalala, mama. Miguu haivimbi? "Miguu ivimbe kwa nini?" Nikasema basi tu, nauliza. Nikasikia mwanamume anaongea nyuma yake, anacheka. Nani huyo? "Huyo ni mwalimu Godfrey, mama, tuko maabara." Jumapili! Maabara!

Godfrey. Nimeliandika jina lako, bwana.

Baba Yasinta karudi kutoka shamba la juu kanuna. Tumeokota pale korosho gunia moja na nusu, mwaka wa tatu mfululizo zinapungua. Matawi yanakauka kwa juu. Kasema hili si bure, jirani yetu Abdulazizi ana mkono wake, haiwezekani mikorosho yake mpakani pale istawi ya kwetu ife. Kasema mwakani anazidisha salfa mara mbili, na atamwita Abdulazizi kwa mtendaji. Nilikuwa naitikia tu. Abdulazizi na mikorosho yake ndiyo ninayofikiria mimi leo?

Jumanne, 29 Oktoba 2024

Sijalala vizuri siku mbili. Kazini nimeandika uzito wa mama mmoja kwenye kadi ya mwingine. Sista kaniuliza nina nini. Nimemwambia mafua.

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Nimekwenda Lulindi. Baba Yasinta nimemwambia nakwenda kumwona wifi Julia, anaumwa mgongo. Nikateremka mlima na vumbi lake lote, nimefika mwekundu mpaka kope.

Kaka Jonathan alikuwa anaezua banda la kuku. Shikamoo kaka. Marahaba, mdogo wangu, kuna msiba? Nikasema hapana. Nikamweleza kochoko, udongo, ovaroli, nusu kilo, Godfrey. Alikuwa ameshika bati mkononi, hakulitua mpaka nilipomaliza.

Akauliza umemwuliza mwenyewe? Nikasema kaka, nimwulize vipi? Akatikisa kichwa, anaelewa. Julia akadakia kutoka ndani, mgongo wake mzima kabisa, akasema udongo peke yake si ushahidi. Nikamwambia wifi, kwenye mambo haya usibishane na mimi.

Kaka kasema kama ni kweli aibu ni yake, maana dhamana aliitoa yeye. Atakwenda Mwanza mwenyewe. Aone kwa macho, azungumze na huyo Godfrey, na mtoto ajifungulie Lulindi kimyakimya, halafu arudi chuo. Baba Yasinta asijue mpaka mambo yawe yamepangwa.

Nililia, nikamshika miguu. Kaka yangu huyu!

Jumatano, 6 Novemba 2024

Kaka kapita Masasi alfajiri, keshaondoka. Kanipigia: yuko kiti cha dirishani, Julia kamfungia mihogo. Baba Yasinta ananiuliza mbona nashika simu kila dakika. Nimesema naangalia saa. Kaniangalia sana. Hata yeye siku hizi ana jicho hilo.

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Sijui nianzie wapi.

Kaka kapiga saa nane mchana. Hakusalimia. "Evelina. Tumbo liko wapi?"

Kasema kamkuta kwenye bustani za chuo, ovaroli imekazwa kwa mkanda, mwembamba kama alivyoondoka, anachimba vishimo. Vishimo saba. Kaka akamvuta pembeni, akamuuliza moja kwa moja. Mtoto akacheka, akadhani mjomba anatania. Kisha akauliza nani amesema. Kaka akasema mama yako. Hapo akaacha kucheka.

Ni prakitiko. Ndivyo alivyoniambia! Neno kwa neno! Wanapima udongo wa kwao, kila mwanafunzi anaandika ripoti yake, Shamsia anamsaidia yeye, naye anamsaidia Shamsia. Yasinta alichagua shamba la juu kwa sababu ya babu yake. Anasema salfa ikimwagwa miaka na miaka inachachua udongo, mizizi inachoka, mti unakauka kwa juu. Hakuna mkono wa Abdulazizi. Ni mkono wa baba yake, na yale mapampu yake ya salfa. Ndiyo maana akasema baba usimwambie. Alitaka kwanza awe na karatasi yenye muhuri mkononi, aje aketi naye, amweleze taratibu asije akavunjika moyo.

Na udongo wangu! Wameupima mara mbili. Hauna hata chembe ya uchachu. Yule mwalimu Godfrey akaumimina kiganjani, akaunusa, akauliza mbele ya darasa zima, "Nani amepika huu?" Watu wakacheka. Walimu wameona amewatengenezea udongo wa uongo. Wamempa mpaka Ijumaa ijayo, tarehe kumi na tano, alete wa kweli. Asipoleta kazi yote inafutwa, anarudia mwaka.

Nikamuuliza kaka, na kochoko je? Anazila? Kasema hazili. Kaziweka kwenye kopo kando ya kitanda. Akikumbuka nyumbani anafungua kifuniko, ananusa, anafunga. Kamfungulia na mjomba wake akanusa.

Nimejifungia chooni nikalia kwa sauti.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Nimempigia mara nne. Hapokei. Saa tisa kaandika: "Shikamoo mama. Udongo ule ulitoka wapi?"

Hakuna kingine. Hakunitukana, hakuniuliza ningewezaje kumfikiria hivyo. Bora angegomba. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikatuma: "Kichuguu. Niliukaanga usije ukaumwa. Nisamehe mwanangu. Kesho nachimba wa juu." Kausoma. Hajajibu.

Mtoto alinieleza ukweli, ukweli mtupu, na mimi nikampa hongera ya kutunga uongo. Nimewapima watu mpaka sijui tena kumsikiliza mtu.

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nimeomba ruhusa kazini. Ndoo mpya, nimeisuuza kwa maji ya ndoo nzima, na maji yenyewe hapa kwetu kuyapata si mchezo. Basi linaondoka kesho alfajiri, lifike kwa wakati. Nikaenda shamba la juu na jembe dogo. Mashimo saba, shibiri moja moja, nimepima kwa mkono. Sikuchekecha. Hata vijiti nimeviacha.

Nimefika shimo la sita nikasikia, "Mama Yasinta."

Baba Yasinta yuko nyuma yangu. Alidhani ni Abdulazizi kaja kufukia mambo yake, kumbe ni mke wake. Ameshika panga. Kaangalia mashimo, kaangalia ndoo. "Unachimba nini kwenye mikorosho ya baba yangu?"

Ningesema nini? Nikasema Yasinta anataka udongo. Wa nini? Wa prakitiko, nikasema, kila mtu analeta wa kwao.

"Prakitiko! Mwanza hawana udongo?"

Yesu wangu. Maneno yangu mwenyewe. Nilimwona anavyofikiri, kituo kwa kituo, njia ileile niliyopita mimi. Kochoko. Udongo. Simu kila dakika. Safari ya Lulindi. Panga likashuka. Akauliza polepole, "Mama Yasinta. Mtoto ana mimba?"

Nikacheka. Sijui kwa nini! Kicheko kilinitoka chenyewe, na kwa sikio la mtu yeyote kilikuwa kicheko cha mwenye siri. Nikasema hapana, Baba Yasinta, hana, nakuapia, kaka Jonathan yuko huko kamwona. "Jonathan yuko Mwanza?" Basi. Nikazidi kuharibu. Akageuka akaenda nyumbani.

Nikachimba shimo la saba. Lilikuwa limebaki.

Sasa niko uani, ndoo iko miguuni, naandika. Yeye yumo ndani, anapiga pasi shati la safari, nasikia mkaa unavyotikisika. Ili abaki hapa nimwambie nini? Kwamba binti hana kitu, ana ripoti tu, na ripoti yenyewe inasema aliyeua mikorosho ya baba yako ni wewe? Na Abdulazizi uliyemtaja kwa watu wote hana kosa? Mtoto alitaka amwambie mwenyewe, na muhuri. Nikinyamaza atapanda basi moja na udongo wake mwenyewe, akamburuze mtoto nyumbani akiwa bado anapima udongo. Sharti lilisikiwa na ukoo mzima.

Ametoka. Yuko mlangoni, shati mkononi, macho mekundu. Nilijua sasa anaanza kufoka. Kauliza, "Zile kochoko zimebaki?"

Nikauliza za nini.

"Nimchukulie. Atakuwa na kichefuchefu, na kurudi nyumbani sitamrudisha. Amalize kwanza. Mtoto akizaliwa nitamlea mimi." Kisha akasema, "Na wewe usimgombeze, Mama Yasinta. Sharti lile nilisema kwa hasira tu."

Mwaka mzima na zaidi nalala na sharti lile, na yeye kumbe alishalitupa! Na mimi hata yeye sikumuuliza.

Bado amesimama pale, anangoja jibu la kochoko. Ndoo anaitazama. Nimeinamia daftari kama mtu mwenye kazi, ili nisifungue mdomo kabla sijajua nianze na lipi.